Fimbo Kabla ya Risasi

Asbjørn Myrland alimfundisha mwanawe kulenga shabaha kwa kumpiga. Nilikuwa jirani yao. Kila alasiri ya baridi nilimwona Gaute amelala kifudifudi kwenye mkeka nyuma ya ghala, bunduki begani, baba yake amesimama juu yake na fimbo ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Kabla ya kila risasi fimbo ilimshukia mgongoni. Akikosa, ilimshukia mara mbili. Mzee alidai kwamba katika mbio za skii na bunduki, mtu anayefika kwenye shabaha moyo ukimwenda mbio lazima awe amezoea kipigo, la sivyo atatetemeka. Bonde zima tulijua. Mimi nilikuwa nikitazama dirishani, mkate na jibini mkononi, kisha nikifunga pazia. Nilikuwa mwoga, basi.

Gaute alipotimiza miaka kumi na tisa alichaguliwa katika timu ya taifa ya vijana ya mbio hizo, nami nikachukuliwa kuwapakia nta kwenye skii ili ziteleze. Wazazi hawasafiri na timu. Nilimshukuru Mungu, nikidhani kijana sasa atapumua.

Kwenye mashindano ya Slovenia alikosa shabaha sita kati ya kumi. Kila unapokosa unazunguka njia fupi ya adhabu, na yeye alizunguka mpaka watazamaji wakaanza kumhesabia kwa makofi. Italia alikosa saba. Jioni ile, mezani, Mjerumani mmoja alimuuliza kama huwa anafumba macho yote mawili. Gaute alimrukia juu ya sahani, akampasua mdomo, akaendelea kumpiga hata baada ya yule kulegea. Tulimvuta watu watatu.

Kocha wetu, Randi, hakupiga kelele. Alimwambia kwamba Jumamosi, Austria, akikosa zaidi ya mbili atapanda ndege kurudi nyumbani. Gaute alibadilika rangi. Nyumbani kulikuwa na nani, mimi nilijua.

Jumamosi, bunduki zikiwa zimeshajaribiwa na kurekebishwa, aliingia kwenye kibanda changu cha nta akafunga mlango. Alivua koti, akapandisha fulana, akanigeuzia mgongo. Ulikuwa umejaa makovu.

"Nipige, Oddvar."

Nilimwambia avae aondoke.

"Nikiwa siumwi popote, mikono inatetemeka. Nipige hapo mgongoni bunduki inapokaa nikiteleza, inikumbushe njia nzima."

"Mimi si baba yako."

Akaanza kugonga paji la uso kwenye meza yangu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Damu ilidondokea kwenye skii nilizokuwa nimezisugua tangu alfajiri. Nilimshika mabega nikimsihi aache, akanisukuma hadi ukutani.

"Nikirudi kule safari hii ataniua, na wewe unajua," alisema. "Hapa hakuna mwingine anayeweza. Wewe ulikuwa unaona anavyofanya."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiniona dirishani.

Nilichukua fimbo moja ya skii ukutani. Nilimpiga mara tano, kwa nguvu, na pigo la tano lilichana ngozi. Alishusha fulana, akanishukuru kwa adabu, akaenda kujipanga.

Alipiga tano akiwa amelala na tano akiwa amesimama. Hakukosa hata moja. Alimaliza wa pili, wenzake wakambeba juu juu, naye alikuwa akicheka huku amekunja uso. Randi aliona damu iliyopenya nguo yake mgongoni. Aliitazama kitambo, kisha akanitazama mimi, nikasema alianguka mteremkoni. Alisema tu kwamba nafasi ya kijana imebaki, na kwamba kesho kuna mbio za kufukuzana, zenye kulenga mara nne badala ya mbili.

Asubuhi Gaute alikuja mapema. Alinigeuzia mgongo, na vidonda vya jana vilikuwa bado vibichi. Nilishika fimbo, nikatafuta pa kuanzia.