Dundu Atoa Mji

Dundu, yule mdudu mwekundu wa mchezo wa kompyuta, alizaliwa hana kitu. Katika mchezo wa kwanza alijua kuruka tu. Akikosea, aanze upya. Wa pili akajifunza kusukuma mawe, watu wakaanza kukuna vichwa, maana jiwe likiingia pembeni halitoki. Wa tatu akapewa kivuli kinachorudia hatua zake, na mlango mmoja uliweza kumla mtu siku mbili. Mtunzi wake, dada mwembamba ambaye ofisini walimwita Sindano kwa alivyopenya kila kosa, alikuwa ameishi na mdudu huyo miaka tisa.

Wa nne ulimtoa jasho. Alimpa Dundu mbawa, kamba, sumaku, na miji ya kuteka njiani, alimradi asionekane amezeeka. Walioitwa kuujaribu walifika mlango wa saba, wakaaga. Mkuu wa ofisi hakumung'unya maneno: Ijumaa angeucheza mwenyewe, na usipomkalisha, Dundu angeishia kwenye wa tatu.

Jumatano Sindano akabeba kompyuta hadi kwa bibi yake, aliyeimaliza michezo yote mitatu ya kwanza huku akiitukana. Bibi akavaa miwani, akasogeza mto mgongoni, akaanza. Mlango wa saba ukamgomea. Akaruka, akavuta kamba, akaita kivuli, wapi. Sindano akangoja aage kama wenzake. Bibi akaegemea kiti.

"Haya, nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani, Bibi?"

"Mke mwenza, umesahau? Si nimekulea kwa vitendawili? Anayeshindwa hutoa mji, ndipo akapewa jibu. Chukua huo wa madaraja niliouteka asubuhi. Umeupokea? Haya, nipe jibu."

Sindano akacheka, akamwonyesha kwamba kivuli ndicho cha kushika sumaku. Bibi akaguna tu. Alichotaka kujua ni njia ya kurudi kuukomboa mji wake. Alipoambiwa hakuna, akanung'unika kuwa huo si mchezo, ni uporaji.

Sindano akabaki anatazama kioo cha kompyuta. Wale walioaga, aliwaza, walishindwa wakakosa cha kutoa.

Siku hiyo na kesho yake alikula akiwa kazini. Alifuta mbawa, akafuta kamba, na ile kamba ilimuuma. Mahali pake akaweka jambo moja: ukikwama, unatoa mji uliokwisha kuuteka, unaonyeshwa njia. Mji nao unageuka, madaraja chini juu, milango imehama. Ukiutaka tena, uje na akili mpya.

Ijumaa mkuu akaketi, koti begani, akisema ana dakika kumi. Mlango wa saba ukamkamata. Akajikaza, akajikaza, mwisho akatoa mji kwa sauti ya chini kama anayekiri kosa. Wa tisa ukamla mji wa pili. Katibu akachungulia kumkumbusha kikao, akapungiwa mkono asubiri. Wa kumi na moja ukachukua wa tatu, na koti likawa sakafuni, mwenyewe hana habari.

Sindano akauliza kwa adabu kama sasa wazungumzie hatima ya Dundu.

"Hatima ipi? Hapa sijabakiwa hata na kibanda," mkuu akasema bila kugeuka. "Kikao Jumatatu. Mwendelee kuutengeneza huu. Na usinionyeshe kitu, huo wa madaraja narudi kuuchukua mwenyewe."

Sindano akafunga mlango taratibu, akampigia bibi yake. Bibi alicheka mpaka akakohoa, kisha akataka kujua mlango wa kumi na mbili utakuwa tayari lini.