Hongera, Huna Ebola

Damu ilikuwa imelowesha kitenge na kuchuruzika hadi kwenye kiti cha bodaboda. Askari wa lango la kituo cha afya, hapo Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Congo, aliruka nyuma na kipimajoto chake mkononi.

"Huyu nyanya iko natoka damu! Na iko natoka Congo!"

"Eko na kansa ya kizazi," Aimée alisema, akimshika mama yake asianguke. "Ku Butembo balituambia haitapona. Natafuta tu dawa ya maumivu, afande."

"Kansa! Nyote munasema hivyo."

Basi mama huyo, bibi Kahambu, akabebwa kama mzoga. Watu waliojifunika plastiki toka utosini hadi unyayoni walimpulizia klorini, hata usoni, wakamtia kwenye hema jeupe la washukiwa wa Ebola. Na hema hilo, lo! Godoro jipya, maji ya chupa, mpaka sindano za kutuliza maumivu. Wakamchoma moja. Kutoka nyuma ya uzio Aimée alimwona mama yake akinyoosha miguu, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Alilala. Hata akakoroma.

Aimée alishika rozari yake, akamwomba Bikira Maria majibu ya damu yachelewe.

Yalikuja kesho yake.

"Hongera, mama! Huna Ebola," alisema Daktari Nobert, mkuu wa hema, akicheka kwa furaha ya kweli. "Nenda nyumbani."

"Na ile sindano, Docteur?" Aimée aliuliza. "Mutupe hata kidogo."

"Ile ni ya Ebola."

"Ni ya maumivu!"

"Ya maumivu ya Ebola. Wafadhili watatuuliza. Jaribu dharura."

Kwenye chumba cha dharura, muuguzi wa zamu, Sista Proscovia, hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Hapa tunapokea watu ya kuokoa. Ajali, wamama ya kuzaa. Huyu anakufa tu."

"Afe basi, Sista. Lakini asife akilia hivi."

"Dawa ya hivyo iko Kasese mjini. Chukua Panadol."

Sindano ilikuwa imekwisha nguvu. Kahambu aliuma kitenge chake, akalia kwa sauti ambayo Aimée aliionea haya, kisha akajichukia kwa kuona haya. Alimkokota kurudi hemani.

"Anatapika damu!" alipiga kelele. Alikuwa anadanganya. "Mumurudishe ndani! Anatapika!"

"Tulishampima," alisema Nobert. "Usituchezee."

Wahudumu wake sasa walikuwa wamejipanga mistari miwili langoni, glavu mpya mikononi, tayari kumuaga. Kila anayetoka hemani mzima hupigiwa makofi, na wafadhili hutumiwa video. Kijana wa kupiga picha akainua simu. Makofi yakaanza. Kahambu akaanguka katikati ya mistari miwili, akijikunja juu ya changarawe, akilia.

"Ongezeni makofi," Nobert alisema, bado akitabasamu. "Sauti yake inaingia kwenye video."

Wakaongeza.