Mikunjo ya Shati la Nestori

Miaka ishirini na mbili napiga pasi hapa Mwamkulu, na sikuwahi kuogopa nguo. Nguo ikileta ubishi naongeza mkaa, inanyooka. Shati la marehemu Nestori ndilo lililonitia adabu.

Mjane wake, Paskalia, alilileta Alhamisi asubuhi. Jumamosi ilikuwa kuganduka, siku ambayo sisi wenye asili ya Burundi tunavua msiba. Gabrieli, mdogo wa marehemu, angelivaa shati hilo mbele ya ukoo, akabidhiwa nyumba, shamba na watoto. Paskalia aliniambia wazi kwamba hamtaki, moyo unakataa, ila hana sababu ya kuwapa wazee. Nestori alikufa akichochea tanuru la matofali, peke yake. Gabrieli siku hiyo alikuwa safarini, kijiji cha Kasekese, mwenyewe ndivyo alivyosema msibani.

Shati lilikutwa zima juu ya tanuru, na hilo halikumshangaza mtu. Mchoma matofali mwenye akili huvua poliesta kabla ya kusogelea moto, maana haiungui kama pamba, inayeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Nilipuliza mkaa, nikatandika kitambaa kibichi, nikapiga. Likanyooka, nikalitundika chini ya bati, nikanywa chai. Bati lilipopata jua la saa sita nikaliona shati linasogea, na upepo haukuwepo. Kifua kilijivuta taratibu, mikono ikarudi mgongoni, mistari ikatokea mmoja baada ya mwingine, kama kuna mtu nisiyemwona analikunja. Nikapiga tena. Likarudia tena. Nilisali Salamu Maria na pasi mkononi, wala sioni aibu kusema.

Hofu ilipopungua nikakumbuka kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi ujanani, Dar. Fundi wetu alisema poliesta haisahau joto kali kuliko yote lililowahi kuipata. Umbo iliyokuwa nalo saa ile ndilo itakalolirudia. Kulifuta ni lazima uzidishe joto lile la kwanza, na ukipitiliza kidogo tu unabaki na uji.

Basi joto la tanuru lilikuta shati limeshakunjwa, tena vizuri, mraba kama kitabu. Ijumaa nilimwita Paskalia nikamwonyesha. Alikaa chini sakafuni.

"Mama Fabrice, Nestori hajawahi kukunja hata taulo," alisema. "Nguo zake nilikuwa naziokota mimi."

Tulikuwa hatujainuka Gabrieli alipoingia kuulizia shati la kesho. Aliiona mistari, akaniambia niongeze mkaa. Nikamwambia litayeyuka. Akasema niongeze tu, na sauti yake sikuipenda. Nilimwogopa kuliko nilivyoliogopa shati.

Paskalia akajifuta uso, akamnyooshea shati. Alizungumza kwa upole, mpaka nikadhani amekata tamaa.

"Basi shemeji, likunje wewe, tulipeleke hivyo hivyo."

Gabrieli alilitandaza mezani bila kufikiri. Mikono nyuma, mbavu ndani, pindo juu, kola katikati, kama alivyofundishwa jeshini, JKT, na kama anavyokunja mpaka leo, mtaa mzima unamtania kwa hilo. Shati lilimfuata. Kila mstari ulipata mahali pake, hakuna hata mmoja uliozidi, hakuna mpya uliotokea. Akaligandamiza kwa kiganja mara mbili, ndipo akainua macho akatukuta tunamtazama.

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi. Hakuna aliyeshtuka.

"Shemeji," Paskalia akauliza, "siku ile Kasekese ulikwenda saa ngapi?"

Gabrieli alilishika shati akalikung'uta, akalikung'uta tena kwa nguvu. Lilijikunja mikononi mwake.

Jumamosi hakuna aliyelivaa.