Kicheko Kisichofika Machoni

Tangu kiharusi kimlaze mama yao, mzigo wote ulimwangukia binti mkubwa, fundi cherehani. Alimwogesha, alimgeuza, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na nguo za wateja akazishonea chumbani humohumo. Mama hakumpa hata tabasamu. Lakini Jumamosi mdogo wake, msusi, akishaingia ananukia mafuta ya nywele, hata mkoba hajautua, mama huangua kicheko mpaka mabega yanatikisika.

"Unaona Mama anavyonifurahia, dada?"

"Naona," fundi alijibu, akaikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Majirani nao wakamtia chumvi kwenye kidonda: "Yule mdogo ndiye dawa ya mama yenu." Alijikaza kisabuni, lakini roho ilimuuma. Akaanza kukichunguza kile kicheko kama anavyochunguza mshono wa fundi mwenzake, akitafuta kasoro. Akaipata.

Siku ya kliniki, alipoambiwa kwamba mgonjwa hucheka sana, daktari aliuliza, "Huyu mama anachekaje?"

Msusi akawahi. "Kwa furaha, daktari! Akiniona tu, mbavu hana."

"Si furaha," fundi akamkata. "Kicheko kinamtoka tu, kama kwikwi. Mdomo unacheka, macho yanaomba kiishe. Na hakianzi akimwona huyu. Kinaanza huyu akibamiza mlango."

Mama, ambaye kiharusi kilimpokonya maneno, alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga.

Daktari aliandika upesi. Akawaeleza kwamba kiharusi kinaweza kujeruhi sehemu ya ubongo inayozuia kicheko na kilio, basi kishindo kidogo tu huvifyatua, bila mgonjwa kutaka. "Wengi huniambia 'anafurahi', na mimi naishia hapo. Wewe umeangalia vizuri." Akaandika vidonge.

Nje, msusi aliuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe siku zote hizo hakuwa ananifurahia?"

"Si umemsikia daktari?"

Jibu lile lilikuwa tamu mdomoni, hadi mdogo wake alipojifunika uso kwa mtandio na kulia. Fundi aliona aibu. Hata hivyo hakumbembeleza.

Baada ya wiki tatu kicheko kilikuwa kimetulia. Msusi akaja, akafungua mlango taratibu kama mwizi. Mama hakucheka. Alijivuta kwa taabu hadi ukutani, akapigapiga godoro kwa mkono wake mzima: kaa hapa.

"Njoo na wewe, dada."

"Nina gauni la watu," fundi alisema, asiinue kichwa.

Mwaka mzima amesimama kando ya kitanda kile na beseni mkononi, na hajawahi kupigiwapigiwa godoro.

Kesho yake asubuhi, uji ulipokwisha, aliweka bakuli chini akakaa ukingoni mwa kitanda bila kualikwa. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akajisogeza. Fundi aliipima ile nafasi kwa macho: ilikuwa ndogo kuliko aliyopewa mdogo wake jana, kwa shubiri moja hivi. Akakaa hivyohivyo.