Benchi Lisilale Nje

Kengele ya mwisho ilipolia, Khadija alifuta ubao, akafunga madirisha, kisha akamwomba tena mkuu wa shule ruhusa ya kulala darasani. Baba yake wa kambo alikuwa amemfukuza akimwita mchawi. Tangu hapo alilala soko kuu, kwenye baraza la duka la maharagwe la Mama Kyakimwa, na mvua ya wiki ile haikuwa na huruma.

"Hapa ni masomo, haiko nyumba ya kulala, mutoto," alisema mkuu, Papa Isaïe. Alikuwa mpole hata anapokataa. "Tukikuachia wewe, kesho wote watakuja na mikeka."

Khadija alishukuru, maana alifunzwa adabu, akatoka. Benchi lake likatoka naye. Lilipita mlangoni kiubavu, likawapisha waendesha toleka waliobeba abiria kwenye baiskeli zao, na lilipofika sokoni likajiegesha barazani. Khadija akalala juu yake, na maji hayakumfikia mgongoni. Mama Kyakimwa alilipangusa matope.

"Bon, sawa," alisema. "Lakini asubuhi isifungie watu njia."

Asubuhi lilikuwa darasani kabla ya kengele, miguu imejaa matope. Hapo shule nzima ikaingiwa na wasiwasi. Khadija alikuwa akija na matope yale yale muhula mzima bila kuulizwa, lakini benchi lilikuwa la msaada, tena lina kibao cha wafadhili. Kamati ya wazazi, ambayo kuikutanisha huwa ni kazi ya kufa na kupona, ilikutana kabla ya mchana.

"Mbao itaoza," alisema Papa Isaïe, na machozi yalimlengalenga kweli. "Haiwezi kulala inje."

Walilifungia darasani, likavunja kitasa. Basi wakalijengea kibanda sokoni, pale pale barazani Khadija alipokuwa akilala: bati jipya, sakafu ya saruji, mlango wa chuma. Ufunguo alikaa nao Papa Isaïe, watoto wasije wakaingia kuchafua.

Jioni benchi liliingia, mlango ukafungwa. Liligonga kidogo kwa ndani, lakini chuma hakikuvunjika. Khadija alijikunja nje, mgongo kwenye ukuta wa kibanda, na mvua ikaanza.

Papa Isaïe alipita na mwavuli wake kukagua.

"Aksanti kutulindia, Khadija. Paa haivuji?"

"Haivuji, papa," alisema Khadija. Maji yote ya paa lile yalikuwa yakimwagikia yeye.