Mbwa Ana Jina

Mzee Melkizedek Simoni alipanda basi la asubuhi kutoka Kilosa kwenda Mikumi akiwa amevaa koti lake la kijivu, daftari mfuko wa ndani, kalamu mfuko wa juu. Hakuwa anakwenda kutazama tembo. Alikuwa anakwenda kumtazama baba yake, aliyezikwa miaka thelathini na minane iliyopita.

Juzi yake mjukuu wake Letisia, mpishi katika hoteli moja ya watalii kando ya barabara kuu, alimpigia simu. "Babu, wamefungua chumba cha karata, ukutani wametundika picha za zamani. Moja ina kijana ana masikio yako."

Masikio ya ukoo ule hayana mfano. Yamejitokeza kama vishikio vya kikombe.

Letisia alimpokea mlangoni pa jikoni. "Shikamoo babu. Tazama tu, halafu twende ukanywe chai. Usiniharibie kazi."

"Marahaba. Sijaja kuharibu. Nimekuja kusoma."

Chumba cha karata kilipakana na jiko, na picha ilikuwa kubwa. Wagiriki wanne, wenye mashamba ya mkonge, wamekaa mezani wamekunja mikono ya mashati. Mbwa amelala chini ya meza. Upande usio na kiti amesimama kijana Mwafrika wa kanzu nyeupe, na masikio yale yale. Kibandiko kilichogandishwa chini ya fremu kilisema: *Bwana Yorgo, Bwana Stavro, Bwana Niko na Bwana Thanasi wakicheza ishirini na moja, Kilosa, 1956, pamoja na mbwa wao Simba. Aliyesimama ni mtumishi wa vinywaji.*

Mzee alisoma mara mbili. Alijifunza kusoma akiwa na miaka ishirini na sita, katika madarasa ya jioni, na tangu hapo hakuna kitu alichokisoma mara moja.

"Shikamoo mzee," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Doris, meneja wa hoteli, mwanamke nadhifu mwenye funguo nyingi kiunoni. "Karibu. Unaupenda mchezo wetu? Alasiri huwa nawasimulia wageni historia yake. Ulizaliwa Ufaransa, Wazungu wakatuletea."

"Marahaba, mama. Kabla ya Ufaransa ulikuwa Hispania. Kuna kitabu cha huko, cha miaka mia nne iliyopita, kinautaja, na ree inahesabiwa moja au kumi na moja, kama leo. Wafaransa waliupokea wakaupa jina lao. Ukavuka bahari hadi Amerika, wakaubatiza tena, na hata leo wenyewe wanabishana hilo jina jipya lilitoka wapi."

Doris alicheka kwa mshangao. "Umesoma wapi haya?"

Mzee aligonga daftari kifuani. "Maktaba ya Morogoro, siku kumi na moja, miaka mingi iliyopita. Baba alinisimulia kazi yake, nami nikataka kuielewa. Huyu hapa ni baba yangu, na hakuwa mtumishi wa vinywaji. Alikuwa mgawaji wa karata."

"Mzee wangu, zamani wachezaji walipokezana kugawa. Mabwana wale wangempaje karata mtumishi?"

"Umesema kweli, walipokezana. Na kila walipopokezana waligombana, huyu anamwambia yule umeficha ree. Siku moja kiti kikaruka. Ndipo wakamwita baba, maana ndiye pekee asiyekuwa na upande. Wakampa sheria ambayo kasino nyingi hutumia: chini ya kumi na saba ongeza, ukifika kumi na saba simama, usichague. Kuanzia siku hiyo vinywaji vililetwa na mtu mwingine. Kiti tu ndicho hakupewa. Aligawa kwa kusimama, miaka tisa."

"Ni hadithi nzuri. Lakini kila anayeingia hapa ana babu yake. Ushahidi uko wapi?"

"Hesabu karata."

Doris alisogea. Kila Mgiriki alikuwa na karata mbili mbele yake. Ukingoni, pasipo na kiti, kulikuwa na mbili nyingine, moja imefunuliwa na moja imelala kifudifudi.

"Hizo ni za nani, mama?"

"Labda za mpiga picha."

"Mpiga picha yuko upande wetu huku! Au ni za Simba?"

Letisia aliziba mdomo kwa aproni. Doris aliishusha picha, akaipeleka dirishani. Mkono wa kushoto wa kijana haukuwa na chupa wala sinia. Chini ya kidole gumba ilionekana pakiti ya karata.

Meneja akasema taratibu, "Haya. Nitamwomba mwenye hoteli tuandike 'mtumishi akigawa karata'."

"Hapana."

"Mzee, nimekusogelea nusu ya njia."

"Mabwana wana majina. Mbwa ana jina. Baba yangu ndiye hana? Nimefika kumi na saba, mama. Siongezi."

"Basi itabidi nimwite mlinzi." Akageuka. "Letisia, unamfahamu mzee huyu?"

Jiko zima lilikuwa linasikiliza. Letisia alimtazama babu yake, akatazama picha. Akavua kofia ya upishi, na masikio yakachomoza huku na huku.

"Ni babu yangu, dada Doris. Na huyo pichani ni baba yake. Mimi huwa nayafunika tu."

Doris alitazama masikio ya pichani, ya koti la kijivu, ya jikoni. Hakumwita mlinzi.

Mzee alikuwa ameshachomoa kalamu. Alikata maneno "mtumishi wa vinywaji" kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Walau tumia penseli," Doris alisihi. "Mwenye hoteli akikataa, nitafuta."

"Penseli ni ya watoto wa darasa la kwanza."

Akaandika kwa mwandiko wake wa kulala kidogo: *Simoni Lupakisyo, mgawaji.* Akapuliza wino ukauka, akaitundika picha mwenyewe, akainyoosha.

"Mwambie mwenye hoteli aliyeandika anakaa Kilosa, nyuma ya stesheni," alisema. "Akifuta, nitaandika tena. Basi la asubuhi lipo kila siku."

Kisha akamgeukia Letisia. "Iko wapi hiyo chai?"