Ndoo Iliyowekwa Chini ya Tangi

Mwalimu alifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akahamishia heshima yake yote kwenye tangi la samaki la sebuleni. Tangi lenyewe lilikuwa refu kama kochi, lenye samaki kumi na wanne wasiojua kwamba wamekabidhiwa kazi nzito kuliko kuogelea. Kazi yao ilikuwa kumzuia Mwalimu asisafiri.

Mkewe, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Sista, Mwalimu naye akiwemo, alikuwa ameshakwenda mara mbili kwa binti yao kumwona mjukuu. Mara zote mbili alikwenda peke yake. "Nani atawajazia samaki maji?" Mwalimu aliuliza mara ya kwanza, na mara ya pili hakubadilisha hata neno. Kwa joto lile maji yalipungua nusu kidole kwa siku. Wiki moja tu bila kujaziwa, pampu ya chujio ingevuta hewa na kuungua, na samaki wangekufa. Hoja ilikuwa ya kisayansi, na aliitoa kwa uso wa mtu anayesikitika sana. Jirani wa mlango wa pili alijitolea kusaidia. Mwalimu akasema jirani yule aliwahi kuwatupia samaki mkate, kwa hiyo haaminiki.

Sababu halisi haikuwa na magamba. Siku ya harusi ya binti, Mwalimu alipewa kipaza sauti atoe nasaha. Akatoa. Mbele ya wakwe, majirani na mpiga picha, alisema yeye alimsomesha binti awe mhandisi, akaletewa msusi. Alidhani watu watacheka, na kweli wawili watatu walicheka. Binti hakucheka. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, salamu zao zilipitia kwa Sista. Mjukuu alikuwa na miezi saba na meno mawili, na babu yake alimjua kwa picha za simu.

"Juma lijalo tunakwenda wote," Sista alisema asubuhi moja, akiweka mezani boya dogo la plastiki na mpira mwembamba wa mita tatu. "Nimeuliza duka la vifaa vya kuku. Vyombo vyao vya maji vinajijaza vyenyewe. Maji yakishuka, boya linashuka, linafungua. Yakipanda, linafunga. Hakuna umeme, hakuna jirani. Na samaki hawafi kwa kukosa chakula siku chache. Mwalimu wa fizikia mzima, utashindwa na boya?"

Hapo Mwalimu akabanwa kila upande. Kukubali kwamba atashindwa kungemvunjia jina, na kusema hatashindwa kungemwondolea kisingizio cha samaki. Akachagua jina kwanza, ya samaki atajua mbele ya safari.

Basi akaianza kazi kwa mbwembwe. Alitoboa ndoo ya lita ishirini karibu na kitako, akapachika koki yenye pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, akavuta ule mpira mwembamba hadi ukingoni mwa tangi, akalifunga boya kwa kibanio, usawa wa mstari aliouchora kwenye kioo kwa kalamu. Alipima kwa rula. Alipima tena. Aliandika daftarini. Kisha ndoo iliyojaa maji akaiweka juu ya kigoda, chini kabisa ya tangi, akafungua koki, akaketi kusubiri kwa subira ya mtu anayelijua jibu.

Maji hayakwenda popote.

"Unaona?" akamwambia mkewe jioni. "Nilikwambia vitu vya kuku ni vya kuku."

Sista aliitazama ndoo. Akalitazama tangi. Shuleni, kwenye fizikia, alipata alama zisizosemwa mbele ya watoto, lakini alikuwa ametundika dripu maisha yake yote.

"Mwalimu," alisema polepole, "dripu huwa tunaitundika juu ya mgonjwa. Hatuiweki uvunguni."

"Rafu haitabeba kilo ishirini."

"Itabeba. Imebeba vitabu vyako ambavyo hujavifungua tangu tuhamie."

Vitabu vikashuka, ndoo ikapanda. Maji yakateremka kwenye mpira, boya likainuka, likafunga lenyewe bila kuomba ushauri wa mtu. Mwalimu akajikuta amefurahi, tena kwelikweli, maana kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kilikuwa kinafanya kazi. Ilimbidi aende chumbani akafurahie huko.

Siku mbili kabla ya safari, maji ya tangi yakaanza kupungua tena. Ndoo ilikuwa na maji robo tatu na hakuna tone lililoshuka. Mwalimu akatangaza msiba kwa huzuni iliyopangwa vizuri. Itabidi majaribio yaanze upya, alisema, huenda mwezi, huenda miwili.

Sista akapanda kwenye kiti. Mfuniko wa ndoo, ambao siku ya kwanza ulikuwa umelegea, sasa ulikuwa umekazwa na kuzungushiwa utepe wa gundi mara nne, kazi safi kabisa.

"Na hili?"

"Vumbi," Mwalimu akasema. "Samaki hawapendi vumbi."

"Zamani dripu zilikuja kwenye chupa za kioo. Usipochoma sindano ya kuingiza hewa, dawa inagoma kushuka. Mwanafunzi wa uuguzi anajua hilo wiki ya kwanza." Akabandua utepe, akatoboa mfuniko kwa msumari, na maji yakaanza kushuka. Yeye hakushuka kwenye kiti. "Wewe umelifundisha miaka thelathini na mmoja. Sasa niambie kinachokusumbua, maana si boya."

Mwalimu aliwatazama samaki, na kwa mara ya kwanza samaki hawakumsaidia.

"Naogopa," alisema. "Nilimwaibisha siku yake, na nilijua pale pale nimeharibu, nikaendelea kuongea. Nikifika nitaanza kueleza. Mimi nikianza kueleza siachi."

"Basi usieleze. Omba msamaha, unyamaze."

Yalikuwa maagizo mafupi kuliko yote aliyowahi kupewa, na Mwalimu aliyatafakari safari nzima kama mwanafunzi aliyekuja kwenye mtihani bila kusoma.

Walimkuta binti kazini, saluni ya viti vitatu, mteja mmoja kitini, wawili wanasubiri, mtoto mgongoni. Alimkumbatia mama yake. Kwa baba yake alitoa shikamoo, kwa adabu ile wanayopewa watu wa ofisini. Mwalimu akaitikia, akafungua kinywa, na maelezo yote yakajipanga tayari: joto, uvukizi, pampu, boya. Akayameza.

"Nilikukosea mbele za watu," alisema, na wale waliokuwa wanasubiri wakaacha kujifanya wanasoma simu. "Naomba unisamehe mbele za watu."

Binti akachomeka kitana kwenye nywele za mteja.

"Sijui kama nimekusamehe, baba. Sitaki kukudanganya." Akafungua mbeleko. "Lakini mgongo unaniuma na kichwa hiki hakijafika nusu. Mshike."

Mwalimu akampokea mjukuu. Alikuwa mzito kuliko picha zake zote. Akaketi naye kwenye benchi la dirishani, akanyamaza, jambo ambalo Sista alilishuhudia kwa macho yake na bado hakuliamini.

"Mzee wako anakaa siku ngapi?" mteja aliyekuwa kitini akauliza kwa sauti ya chini.

Binti akamtazama baba yake kupitia kioo. Mtoto alikuwa amemkamata babu yake sikio, analivuta kwa nguvu zake zote, na babu hakujitoa.

"Tutaona," alisema, akarudi kwenye nywele. Kisha akamwambia mama yake, bila kugeuka, "Msogezee feni. Pale alipokaa kuna jua."